Okestra ya Taifa ya Washington: uanze na rekodi zipi

Ndugu, umeuliza okestra ya taifa ya Marekani, ile ya Washington, ilianzaje na rekodi ipi uitangulize. Ilianzishwa 1931, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na mpiga cello (ala ya nyuzi, kubwa kuliko violini) Hans Kindler, mzaliwa wa Uholanzi. Howard Mitchell, naye mpiga cello, akaiongoza kuanzia 1949 hadi 1969, kisha Antal Doráti. Kennedy Center, jumba la sanaa la Washington, lilipofunguliwa 1971, okestra ikapata makao mapya humo.

Ila ukiniuliza mimi, uhondo wenyewe ni enzi ya kiongozi aliyefuata, Mrusi Rostropovich, 1977 hadi 1994 (mpiga cello wa tatu huyo, sijui wana nini na ala hii!). Alikuwa ameondoka Urusi 1974, akavuliwa uraia 1978, na 1990 akarudi huko na okestra hii hii.

Tafuta Simfonia (utungo mrefu wa okestra) ya Tano ya Mrusi Shostakovich waliyorekodi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sikiliza mwisho kabisa: violini zinang'ang'ania noti moja tu, tena na tena, na yeye anaziburuza polepole. Wengine hupaharakisha hapo pakawa shangwe. Yeye kapafanya pazito, kama mtu anayelazimishwa kucheka. Alimjua mtunzi ana kwa ana, na mimi namwamini.

Baadaye msikilize Slatkin, aliyeiongoza baada ya Rostropovich, kwenye Simfonia ya Kwanza ya mtunzi Mmarekani Corigliano, maombolezo ya waliokufa kwa UKIMWI; ilipata Grammy. Rekodi za Noseda, aliyeanza kuiongoza 2017, ni za kazi za Beethoven na za mtunzi Mmarekani George Walker. Anza na Walker.