Mleta uzi wa kituo cha data: kama huna nakala, usitie saini

Weka kalamu chini kwanza. Nimesoma bandiko lako mara mbili na sijapata usingizi. Unasema kampuni inataka ekari 40 za ukoo wenu pembeni ya barabara ya Mtwara–Lindi ijenge kituo cha data, yaani majengo ya kompyuta kubwa zinazohifadhi na kuchakata taarifa za mitandao. Dalali ameleta "makubaliano ya awali", kurasa tisa za Kiingereza. Mwisho wa kusaini ni keshokutwa asubuhi, na humo ndani kuna kipengele kinachowakataza kuongea na mtu yeyote kuhusu mradi. Halafu unatuuliza kuhusu mionzi, ajira za vijana, intaneti ya bure na bei ya ekari. Ndugu yangu, mimi nina swali moja tu kwako: nakala ya hizo karatasi iko nyumbani kwako, au iko kwenye begi la dalali?

Mimi nilisaini bila nakala. Ilikuwa 2017, shamba la marehemu baba, ekari 11. Mradi wenyewe haukuwa wa data, ulikuwa yadi ya vifaa, lakini maneno yalikuwa haya haya unayoambiwa wewe. Wathamini walifika saa saba mchana na pikipiki mbili, jua la utosi. Kijana mwenye fomu alikuwa anaandika kwa penseli. Ile penseli naikumbuka mpaka leo kwa sababu aliichonga kwa wembe akiwa amekaa kwenye kisiki, maganda yanaangukia miguuni kwangu. Nikamuuliza mbona penseli, akajibu kalamu inavuja kwa joto, watakaza kwa wino wakifika ofisini. Nikaridhika. Nikachomoa kalamu yangu mfukoni nikatia saini chini. Kwenye fomu nzima kitu kilichoandikwa kwa wino kilikuwa kimoja, jina langu.

Nikaomba nakala. Nikaambiwa mashine ya kutolea nakala iko mjini, nipite wiki ijayo. Wiki ijayo mhusika yuko safari. Baadaye faili liko juu kwa wakubwa. Nikachoka, nikaacha. Hapo ndipo nilipopoteza shamba la baba, sikulipoteza siku ya malipo.

Malipo yalikuja 2020. Nilipofunuliwa karatasi nikakuta mikorosho inayozaa 68, mikorosho michanga 118. Jumla 186, na ni kweli shambani kulikuwa na mikorosho 186, ndiyo maana kwa haraka haraka huoni kitu. Lakini mkorosho unaozaa na mche wa juzi havilipwi sawa, hata mtoto wa Mtwara anajua. Mikorosho ile baba aliipanda mimi sijaanza darasa la kwanza, miche kweli ilikuwa mistari michache tu ya upande wa bondeni. Nikarudi shambani na mdogo wangu, yeye kashika kopo la chokaa, mimi nachora namba kwenye kila shina. Inayozaa ikafika 151. Nikaenda nazo ofisini. Wakanigeuzia fomu: "Hii saini si yako?" Yangu. "Nakala yako inasemaje?" Sina. Mazungumzo yakaishia hapo, hayakumaliza hata dakika mbili.

Na hilo la idadi bado si ndilo lililoniumiza zaidi. Lililoniumiza ni tarehe. Baada ya uthamini tuliambiwa tusiendeleze chochote, pesa inakuja mwezi ujao. Basi sikupalilia, sikupulizia salfa. Ukiacha salfa wakati mkorosho unatoa maua unajua kinachofuata: ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ukaingia, maua yakakauka meupe kama yamemwagiwa unga. Nilikuwa napeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, magunia 14, msimu ule nikapeleka mawili. Na ulikuwa msimu wa 2017/18, ule ambao bei mnadani ilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakanunua bati na pikipiki. Mimi nilikaa barazani nasubiri "mwezi ujao". Misimu mitatu ikapita hivyo.

Sasa sikiliza. Sheria ya uthamini ya 2016 inasema uthamini wa fidia una uhai wa miaka miwili. Ikipita hamjalipwa, unafanywa upya. Na fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, ikichelewa mnadai riba. Mimi nilikuwa na haki ya kuthaminiwa upya, tena kwa bei mpya. Lakini fomu iliyokuwa ofisini, iliyokazwa kwa wino, ilikuwa na tarehe ya 2019, ikaonekana miaka miwili haijapita. Nani atabisha? Mashahidi wangu walikuwa mama na jirani mmoja aliyekwisha kufariki. Karatasi moja ya nakala, ya shilingi 100, ingekuwa na tarehe ya 2017 na hesabu yote ya mikorosho.

Aliyenipeleka kwenye kalamu ile alikuwa dalali, mtu tuliyetoka naye jando moja. Alikuja kwetu mara tatu, akala ugali wa mama, akaniambia nikichelewa mradi unahamia Kilwa. Wewe unaambiwa unahamia Tanga. Ni wimbo ule ule, wanabadilisha jina la mji tu. Dalali hana mkorosho hata mmoja wa kupoteza. Analipwa siku unayosaini, na ukiona mtu analipwa kwa saini yako usitegemee akwambie usisaini. Huyu wangu nikikutana naye mnadani anavuka barabara. Avuke tu.

Turudi kwenye kipengele chenu cha siri, maana naona wachangiaji wengine wanasema ni kawaida ya mikataba mikubwa. Ni kawaida kweli, na wenzetu wameshaonja matokeo yake. Kule Marekani, mji wa The Dalles jimboni Oregon, maji yanayotumiwa na vituo vya data vya Google yalifanywa siri ya biashara mpaka halmashauri ya mji ikaenda mahakamani kulizuia gazeti lisipewe takwimu. Siri ilipofunguka 2022, wananchi wakakuta vituo vile vinakunywa zaidi ya robo ya maji ya mji wao. Na Tucson, Arizona, mradi uliletwa kwa jina la bandia, Project Blue. Watu walipojua ni kitu gani walijaa kwenye mikutano, na Agosti 2025 madiwani wakaukataa kwa kauli moja. Hawa ni watu wenye magazeti na wanasheria mtaani kwao, na bado walifichwa. Wewe una siku mbili na kurasa tisa za Kiingereza.

Na hapa kwetu kipengele hicho kina ubaya wa ziada. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Kampuni ya kigeni hainunui ardhi ya kijiji kwa dalali, lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla, ile inayosimamiwa na serikali kuu badala ya kijiji, na kwa eneo lisilozidi hekta 250 wenye kauli ni mkutano mkuu wa kijiji. Ekari 40 ni kama hekta 16. Sasa kama mmesaini kunyamaza, nani atasimama mkutanoni kueleza? Mwenyekiti ndiye atakayekuwa na karatasi na ninyi mtakuwa mmefungwa mdomo.

Sijasema mradi ni mbaya. Naweza kuupigia kura ya ndiyo hata mimi. Lakini vituo hivi vinakula umeme na vingi vinakunywa maji mengi ya kupozea mitambo. Ireland mwaka 2023 vituo vya data vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita. Kituo kimoja kikubwa cha siku hizi kinaweza kutaka megawati 100. Mtambo wa gesi ya Mnazi Bay uliotutoa gizani Mtwara ulikuwa wa megawati 18. Na maji ndiyo usiniambie. Kwa mama yangu ni juu kwenye uwanda wa Makonde, maji yanapandishwa kwa pampu kutoka Mitema, pampu ikigoma unasikia bei ya dumu asubuhi hiyo hiyo. Kwa hiyo lita ngapi kwa siku, kutoka chanzo gani, megawati ngapi, na umeme ukipungua nani anazimiwa kwanza: yote yawe ndani ya karatasi, na karatasi iwe na nakala mkononi kwako. Gesi imepita chini ya mashamba yetu kwenda Dar es Salaam tangu 2015, ahadi za mdomo tumezisikia za kutosha.

Kuhusu bei ya ekari, usikubali hata kuitaja kabla hujahesabu mwenyewe mikorosho, minazi, visima na makaburi. Hesabu na ndugu wawili, andikeni tarehe, msaini wenyewe, piga picha kila mti ukiwa na namba yake. Chokaa kilo mbili inatosha ekari nyingi. Fomu ya penseli msiiguse. Nafasi iliyoachwa wazi ipigeni mstari kabla ya kusaini.

Na hizo kurasa tisa, umesema dalali amezilaza kwa baba yako mpaka keshokutwa. Basi usingoje kuche. Chukua simu, washa taa, mwambie mdogo wako ashike karatasi zisijikunje, piga picha ukurasa mmoja mmoja, mbele na nyuma, hata ule wa mwisho wenye mistari ya saini tu. Zitume kwa ndugu yenu aliyeko Dar usiku huu huu, kabla dalali hajagonga mlango.