Rangi kwenye Vidole vya Roboti: Maswali Yenu

Nyenzo inayobadilika rangi ikibanwa, iliyowekwa kwenye vidole vya roboti, rangi yake ikikolea, ina maana roboti imetumia kani kubwa?

Hapana, na kila mwezi swali hili linarudi. Rangi hujibu kanieneo, yaani kani kugawanya kwa eneo. Kani ambayo kwenye bapa la kiganja haiachi hata doa, ikipitia kichwa cha skrubu inaikoleza rangi. Mwongozo wa ISO/TS 15066 wa 2016, wa shirika la kimataifa la viwango, unaohusu roboti zinazofanya kazi bega kwa bega na watu, uliweka vikomo vya kani peke yake na vya kanieneo peke yake. Kwa kani, inayopimwa kwa nyutoni: usoni 65, kiganjani na vidoleni 140. Pima vyote viwili.

Nianze na nyenzo gani kwa mradi wa chuo?

Karatasi ya Prescale ya Fujifilm. Ina vifuko vidogo sana vya rangi vinavyopasuka vikibanwa. Niliwahi kuibana kati ya vidole viwili vya roboti vilivyovishwa mpira: wekundu ukajitokeza kwenye kingo tu, katikati peupe kabisa. Vidole vilikuwa vimepinda, na namba za sensa, yaani vihisi vya roboti, zilikuwa hazijasema neno. Ila karatasi hiyo ni ya mara moja, na inakuonyesha kilele cha kanieneo tu, si lini wala kwa muda gani.

Na spiropirani, ile molekuli inayobadilika rangi ikivutwa, je? Nasikia inarudi ilivyokuwa.

Inarudi. Mwaka 2009 watafiti wa Illinois, Marekani, waliifunga molekuli hii ndani ya plastiki. Ukiivuta plastiki, kifungo kimoja cha molekuli kinakatika na rangi inatokea, kisha mwanga wa kawaida unaifuta. Sasa sikilizeni, maana wengi mnaliruka hili: miale ya urujuanimno, iliyomo kwenye mwanga wa jua, nayo huitia rangi bila mtu kuigusa. Ukiianika dirishani, utaandika kwenye ripoti kani ambayo haikuwapo.

Ni kama kinyonga?

Kinyonga hasukumwi na kitu, na njia yake ni nyingine: kwa kinyonga wa Madagaska, nafasi kati ya fuwele ndogo za ngozi ikibadilika, rangi inabadilika.

Naweza kuondoa sensa?

Usithubutu. Rangi ni ya macho ya mtu. Ukishaiona, kidole cha mwenzako kimeshabanwa. Kitufe cha kuzima kibaki mahali pake.

Nimechagua kijani kwa salama, nyekundu kwa hatari. Sawa?

Badilisha. Wapo wanaume wasiozitofautisha hizo mbili, na huenda mmoja ndiye anayesimama karibu na mkono huo wa roboti. Tumia buluu na manjano.