Weka nywila mbovu kwanza, mkuu

Subiri. Umesema klaienti yako ya Java (programu inayoomba huduma) inaunganika vizuri na WildFly, seva inayoendesha programu za Java, vyote viwili viko kwenye kompyuta yako, na kesho unahamisha seva iwe ya mbali. Usihamishe. Hapo hujathibitisha kitu!

Vikiwa mashine moja, WildFly huwa na njia ya mkato iitwayo JBOSS-LOCAL-USER. Seva inaandika fumbo kwenye kifaili cha muda, klaienti inakisoma na kurudisha jibu, mlango unafunguka. Futa jina na nywila kabisa, bado utapita. Kwenye matoleo ya zamani ApplicationRealm, yaani kundi la watumiaji wa programu, ilikuja na allowed-users="*", yaani ujitaje jina lolote upendalo. Mimi ningeweza kujiita mfalme.

Sisi yalitukuta. Mtaalamu tuliyemlipa alikodoa macho kwenye skrini akasema, "Si inaunganika? Tatizo nini sasa?" Siku ya kuhamia kila ombi likakataliwa, na simu yake ikawa haipatikani. Nikalaumu ukuta wa moto, nikabadili maktaba za Java moja baada ya nyingine, nikamgombeza mtu wa mtandao ambaye hakuwa na kosa (radhi nilimwomba kwa meseji, nikiwa mbali). Kumbe mtumiaji wetu alikuwa ndani ya mgmt-users.properties, faili la wasimamizi wa seva, wakati EJB za mbali (vipande vya programu ndani ya seva ambavyo klaienti huviita) zinaangalia application-users.properties, faili la watumiaji wa programu. Yule mtaalamu aliendesha add-user.sh, skripti ya kuongeza mtumiaji, akaulizwa a au b, akabonyeza tu Enter kuendelea. Ukibonyeza hivyo unapata a, usimamizi. Wewe chagua b, mtumiaji wa programu. Na usinakili mstari toka faili moja kwenda jingine kama nilivyojaribu: nywila iliyomo imesokotwa pamoja na jina la ManagementRealm, kundi la wasimamizi, ApplicationRealm haitaitambua.

Kwenye wildfly-config.xml, faili la mipangilio la klaienti, ndani ya sasl-mechanism-selector (sehemu ya kuchagua njia ya kuingia), andika DIGEST-MD5, njia inayodai jina na nywila, ili njia ya mkato isitumike. Kisha weka nywila mbovu makusudi, ukiwa mashine nyingine. Ikikataa, ndipo uweke sahihi. Ndani ya EJB chapisha getCallerPrincipal, yaani jina la aliyeingia: ukiona $local, jina la aliyepita njia ya mkato, bado unajidanganya.

Jaribu hiyo nywila mbovu usiku huu, uje useme seva imejibu nini.