Maswali na majibu: Mamilioni ya Soto na miaka msiyoihesabu

Barua za wiki hii karibu zote ni za besiboli, na karibu zote zinanuka pesa. Sishangai. Tangu Juan Soto, mlinzi wa uwanja wa nje, asaini na New York Mets mwezi Desemba 2024, kila mzazi ambaye mtoto wake aliwahi kudaka embe kabla halijafika chini amegeuka mtaalamu wa mikataba. Zile zinazouliza kama besiboli na kriketi ni mchezo mmoja nimeziweka pembeni. Si mchezo mmoja, na hili nimelijibu mpaka nimechoka.

Soto amepata dola milioni 765 kwa kusimama tu kule nyuma akingoja mpira. Mwanangu ana miaka 13 na mkono mzuri. Akianza leo, atafika huko lini? (Baba wa Wawili, Kimara)

Umesoma kichwa cha habari ukaziruka tarehe. Soto alizaliwa Santo Domingo mwaka 1998. Washington Nationals walimsaini Julai 2015, akiwa na miaka 16, kwa dola milioni 1.5. Mei 2018 akapanda ligi kuu ya Marekani akiwa na miaka 19, umri ambao wenzake wengi bado wanalala kwenye mabasi ya madaraja ya chini. Misimu yake mitatu ya kwanza alilipwa kima cha chini au karibu na hapo, kwa sababu katika miaka hiyo klabu hupanga na mchezaji hupokea. Mwaka 2021 akaingia kwenye hatua ya usuluhishi wa mishahara, ambapo mchezaji na klabu wasipokubaliana msuluhishi huamua: milioni 8.5, halafu 17.1, halafu 23, halafu 31. Katikati ya hapo alihamishwa mara mbili, San Diego mwaka 2022 na New York Yankees mwaka 2023. Uhuru wa kujiuza mwenyewe aliupata baada ya kutimiza miaka sita ya utumishi ligi kuu. Toka sahihi ya kwanza hadi hiyo unayoisimulia kijiweni ni zaidi ya miaka tisa, na huyo ndiye aliyewahi.

Sasa mtazame Aaron Judge. Oakland walimchagua mwaka 2010 akitoka sekondari, akakataa, akaenda chuo cha Fresno State. Yankees wakamchukua mwaka 2013, akapanda Agosti 2016 akiwa na miaka 24. Miaka yake sita ilipokwisha alikuwa amefika 30, akapata milioni 360 kwa miaka tisa. Mwaka huo huo alikuwa amepiga homurani 62, yaani mipigo ya kuuvusha mpira nje ya uwanja! Soto alikuwa huru akiwa na 26, akauza miaka kumi na tano. Umri wa kupanda ndio uliotengeneza sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Na klabu zinaujua mchezo huo kuliko wewe. Siku 172 kwenye orodha ya ligi kuu huhesabika mwaka mmoja. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimpandisha Kris Bryant katikati ya Aprili, akamaliza msimu na siku 171. Siku moja hiyo ikawapa Cubs mwaka mzima zaidi wa kummiliki. Alilalamika, na mwaka 2020 akashindwa.

Timu moja inaruhusiwa kusajili wachezaji wa nje wangapi? (Shabiki, Morogoro)

Kama unauliza wageni, hii si ligi yetu, hakuna ukomo. Kama unauliza wale wanaolinda uwanja wa nje, huwa watatu kwa wakati mmoja, kushoto, katikati na kulia, na kwenye kikosi cha watu 26 kwa kawaida utawakuta wanne au watano. Ndiyo maana nafasi ni ngumu. Tafadhali andikeni swali kamili.

Kijana wetu ni bingwa wa mita 100 mkoani. Si anaweza kwenda moja kwa moja kucheza uwanja wa nje, kwani kule wanahitaji mbio tu? (Mwalimu wa michezo, Singida)

Mwalimu, neno "tu" ndilo linaloniumiza. Mmiliki mmoja wa klabu aliwahi kuwaza kama wewe. Mwaka 1974 Charlie Finley wa Oakland alimsaini Herb Washington, mwanariadha wa mbio fupi, ili akimbie tu. Washington alicheza mechi 105 za ligi kuu bila kushika gongo hata mara moja. Aliiba besi 31, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe, lakini akakamatwa mara 17, na kwenye fainali za mwaka ule mrushaji Mike Marshall akamnasa akiwa amejisogeza mbali na besi ya kwanza. Mei 1975 akaachwa.

Mwenye mbio za mita 100 hungoja mlio wa bastola. Mlinzi wa nje anatakiwa awe ameshaanza kukimbia gongo linapogusa mpira, tena upande sahihi, na akiiba besi asome bega la mrushaji. Skauti watampima kijana wako kwenye yadi 60, ambazo ni kama mita 55. Chini kidogo ya sekunde 7 ni wastani kwao, kwa hiyo huenda wakatabasamu. Baada ya tabasamu watampa gongo. Kama hawezi kuupiga mpira unaokuja kwa kilomita 145 kwa saa na kupinda mwishoni, safari inaishia hapo. Wa katikati husamehewa kidogo gongo lake likiwa dhaifu, kwa sababu ana eneo kubwa la kulinda. Wa kushoto na kulia hawasamehewi.

Akiwa bado ligi za chini, anaweza kutuma hela nyumbani? (Dada Mkubwa, Tanga)

Kidogo, na msimsumbue. Makubaliano ya mwaka 2023 yalipandisha mshahara wa daraja la juu kabisa la ligi hizo, Triple-A, hadi dola 35,800 kwa mwaka, na huko anaishi kwa bei za Marekani. Kima cha chini cha ligi kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Kati ya namba hizo mbili kuna ngazi moja tu, na wengi wamezeeka wakiitazama.

Tunaishi Columbus, Ohio. Mwanangu yuko sekondari, anacheza katikati, na kuna mtu anamwambia aache habari za chuo asaini mapema. Mimi mchezo siujui. (Mama kutoka Bukavu)

Mama, afadhali wewe unayesema huujui. Kwa kuwa mtoto anasoma Marekani, njia yake ni drafti, si ile ya kete chini ya mwembe, bali uteuzi wa kila mwaka ambapo klabu 30 huchagua vijana kwa raundi 20. Akimaliza sekondari anaweza kuchaguliwa. Akiingia chuo cha miaka minne, kwa kawaida atangoja hadi amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Kuchaguliwa si kufungwa: Judge alikataa, na ulishaona mwisho wake.

Kigezo changu ni hela ya kusaini. Kama ni ya kubadilisha maisha ya familia, na makaratasi yamesomwa na mwanasheria asiye rafiki wa huyo mtu, kaeni mzungumze. Kama ni ya kununua gari, aende chuo. Lakini usidhani chuo ni bure. Kwa miaka mingi timu ya besiboli ya chuo cha daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 11.7 kwa kikosi kizima, ukakatwakatwa kama mkate wa msibani. Kanuni imelegezwa mwaka 2025, ila kuruhusiwa kutoa si kutoa. Muulize kocha kwa maandishi analipia nini na kwa miaka mingapi. Na huyo anayemharakisha mwanao, muulize anapata asilimia ngapi.

Kijana ana miaka 19 lakini ana sura ndogo. Tukipunguza hadi 16 kuna ubaya? (jina limehifadhiwa)

Nimelihifadhi kwa aibu yangu, si yako. Vijeba tumewazoea kwenye mashindano ya shule, tukacheka, na tumeharibu mpira wetu kwa kicheko hicho. Mwaka 2006 Washington Nationals walimlipa kijana wa Jamhuri ya Dominika dola milioni 1.4 wakiamini ana miaka 16. Mwaka 2009 ikabainika alikuwa amepunguza miaka minne. Hakucheza ligi kuu hata siku moja. Tangu kashfa za namna hiyo uchunguzi umekuwa mkali, hadi vipimo vya vinasaba na vya mifupa. Mpeleke na miaka yake 19. Anaruhusiwa kusaini, atapata fedha ndogo zaidi, basi.

Wakala anataka tulipe "ada ya majaribio" ili mdogo wangu aonekane na klabu ya Marekani. Anasema waganda wameshapita njia hiyo. (Kaka Mtu, Mwanza)

Usilipe. Skauti wa klabu analipwa na klabu. Wakala halali hula asilimia ya mkataba baada ya mkataba kuwepo. Anayedai chake kabla anauza safari, na mara nyingi safari yenyewe haipo.

Kuhusu Waganda, kwanza ni herufi kubwa. Pili, hawakununua tiketi mtaani. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za watoto, timu ya kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo. Mwaka mmoja kabla, timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu ikakwama kwenye viza. Kazi ile ya viwanja na makocha iliendelea, na mwaka 2022 Los Angeles Dodgers wakasaini vijana wawili wa Kiganda. Wote wawili ni warushaji, si walinzi wa nje. Mkono wenye kasi unapimwa kwa mashine mchana mmoja, hata kwa mtoto aliyecheza mechi chache. Gongo halipimwi hivyo. Linataka mamia ya mechi dhidi ya warushaji wazuri, na hizo hapa kwetu hazipo. Kwa hiyo kama mdogo wako anarusha vizuri, kwa nini unamlazimisha awe Soto?

Na usiniletee tena jina la Gift Ngoepe kama mlinzi wa nje. Mwafrika Kusini huyo, wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu, alikuwa mlinzi wa ndani. Alisaini na Pittsburgh mwaka 2008, akapanda Aprili 2017. Hesabu.

Klabu ikitaka kumhamisha, mchezaji anaweza kugoma kama wanavyogoma wa Simba na Yanga? (Mwananchi Halisi, Mburahati)

Kwenye soka mchezaji lazima akubali masharti yake na klabu mpya. Besiboli si hivyo. Anapigiwa simu, anafunga begi. Ukiona mtu ana kifungu cha kukataa, jua alikinunua kwenye mkataba wake, au amefikisha miaka kumi ligi kuu na mitano ya mwisho akiwa na klabu hiyo hiyo.

Kanuni hiyo ya pili ilikuja mwaka 1973, na ilitanguliwa na kisa cha Curt Flood, mlinzi wa katikati wa St. Louis. Alikuwa na miaka kumi na mbili pale, ubingwa mara mbili, tuzo saba za ulinzi bora na mshahara wa dola 90,000. Oktoba 1969 akaambiwa amehamishiwa Philadelphia. Mkesha wa Krismasi akamwandikia kamishna wa ligi kwamba haoni kuwa yeye ni mali ya kununuliwa na kuuzwa. Wakati ule mkataba ukiisha klabu iliendelea kukumiliki, mpaka ikuchoke. Flood akakaa nje msimu mzima wa 1970, akarudi kwa mechi 13 tu mwaka 1971, na Juni 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia, majaji watano kwa watatu. Mlango ulifunguka Desemba 1975 kwa uamuzi wa msuluhishi kwenye shauri la warushaji wawili. Flood alikuwa ameshaacha mchezo. Vijana wa leo wanaojipiga picha na kalamu ya kusainia, nusu yao hawajui jina lake, na wengine ni walinzi wa katikati.

Ni kweli Michael Jordan aliwahi kucheza besiboli kama mlinzi wa nje? (Kijana wa kikapu, Ilala)

Kweli, Birmingham ya Marekani mwaka 1994, daraja la Double-A, moja chini ya Triple-A. Mechi 127, wastani wa .202, yaani alifanikiwa kupiga kama mara mbili katika kila kumi, na homurani tatu. Kwa mtu aliyekaa bila mchezo huo tangu sekondari si aibu. Ila mnaosema "Jordan angeweza" mnakosea, kwa sababu alijaribu.

Mlinzi wa nje huisha akiwa na umri gani? (Mstaafu, Mombasa)

Mzee wangu, huanza kuisha miguuni, na hufichwa kwa kusogezwa. Ken Griffey Jr. aling'ara katikati tangu 1989, na mwaka 2007 Cincinnati wakamhamishia kulia. Mike Trout naye aliondolewa katikati mwaka 2025, baada ya majeraha mfululizo. Ukisogezwa pembeni unapimwa kwa gongo. Likishuka unakaa benchi, halafu unapewa mkataba wa ligi za chini wenye mwaliko wa kambi ya mazoezi, ambayo ni lugha ya upole ya kukuaga.

Ndiyo, najua utaniambia Ichiro Suzuki. Alianza Japani mwaka 1992, akaenda Seattle akiwa na miaka 27, akaagana na mashabiki Tokyo Machi 2019 akiwa na 45. Alijinyoosha kila siku kwa nidhamu ambayo wenzake waliishangaa. Huwezi kupanga maisha ya mtoto kwa kipimo cha Ichiro.

Ni nani yule anayelipwa mpaka leo na hachezi? (Mpenda Dezo, Buguruni)

Bobby Bonilla, aliyecheza besi ya tatu na uwanja wa nje. Mets walikuwa na deni lake la dola milioni 5.9 mwaka 2000. Badala ya kulipa, wakakubali kuliahirisha kwa riba ya asilimia 8. Kuanzia 2011, kila Julai 1 anapokea dola 1,193,248.20, na malipo ya mwisho ni mwaka 2035, akiwa na miaka 72. Mechi yake ya mwisho ilikuwa 2001. Hiyo si dezo, ndugu yangu, hiyo ni riba.