Jibu: VPS 32 kwa dola 5, mbona sioni faida?

Salama mkuu. Umesema seva ya RAM GB 128 unailipia dola 110 kwa mwezi, anwani za intaneti (IPv4) dola 58, bakapu dola 25, halafu uuze VPS (seva pepe, yaani vipande vya seva hiyo moja) 32 za GB 4 kwa dola 5 kila moja. Hata zikijaa zote unaingiza 160, gharama 193. Wateja hawana kosa hapo.

Hesabu RAM kwanza. Seva mama, hiyo inayobeba VPS zote, nayo inakula: iachie GB 16, na kama unatumia ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili) iwekee kikomo cha kashe, yaani RAM inayotumia kushikilia data. Zinabaki VPS 28. Bloku ya /27 (fungu la anwani za IPv4) nayo ina anwani 32, ila toa ya mtandao, ya brodkasti (ya kutuma kwa wote) na ya geitiwei (mlango wa kutokea intaneti), unabaki na 29. CPU unaweza kuiuza mara tatu ya uliyonayo. RAM usithubutu, maana ikiisha kernel (kiini cha mfumo endeshi wa seva mama) inaizima VPS ya mteja ghafla.

Bei ipige kwa wateja 17, kama asilimia 60 ya VPS 28, sio kwa seva iliyojaa. 193 gawa kwa 17 ni dola 11.35. Weka makato ya malipo, uza 13. Dola 5 waachie wenye maelfu ya seva.