Je, gari langu la mradi linahitaji springi yenye nguvu zaidi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Tumepewa mradi wa sayansi wa kuunda gari dogo linaloendeshwa na springi peke yake, na litakalokwenda mbali zaidi ndilo litakaloshinda. Nimetumia springi ya mtego wa panya, uzi, na vifuniko vya chupa kama magurudumu. Nikiliachia, magurudumu ya nyuma huzunguka bure palepale, kisha gari huchomoka ghafla na kusimama baada ya mita mbili hivi. Je, nitafute springi yenye nguvu zaidi?

JIBU: Hapana, springi uliyo nayo inatosha. Magurudumu yanayozunguka bure ni dalili kwamba nguvu ipo ya kuzidi, ila inatoka yote kwa mkupuo. Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba nguvu ya springi huongezeka kadiri inavyovutwa au kukunjwa. Ndiyo maana gari lako hupata msukumo mkubwa kuliko wote pale linapoanza tu, wakati ambapo magurudumu hayajashika sakafu sawasawa. Springi kali zaidi ingeongeza tatizo hilohilo.

Kinachohitajika ni kuitoa nishati hiyo polepole, na hapo wenzo, yaani mkono unaovuta uzi, ndio wenye kauli. Chuma cha mtego ni kifupi, kwa hiyo huvuta uzi kidogo kwa nguvu nyingi. Kifungie kijiti chepesi kisichopinda, ili urefu kutoka kwenye springi hadi ncha inayoshika uzi uwe sentimita 30, na upange fremu ili ncha hiyo, mtego ukiwa umetegwa, iwe juu ya ekseli ya nyuma, yaani ufito unaobeba magurudumu. Kijiti kikizunguka nusu duara, kitavuta uzi wa sentimita 60 hivi. Ekseli yenye kipenyo cha milimita 6 ina mzingo wa karibu milimita 19, hivyo uzi huo utaizungusha takriban mara 32. Kwa kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 3, mizunguko hiyo ni mita 3 tu. Kwa gurudumu la sidii (CD) ya kawaida, yenye kipenyo cha sentimita 12, ni mita 12, na bado gari litaendelea kuserereka kwa kasi iliyobaki. Hesabu hii ifanye mwenyewe kwa vipimo vyako kabla ya kukata chochote. Gari likikataa kabisa kuondoka, umepitiliza: punguza kijiti kidogo kidogo, au nenepesha ekseli kwa kuizungushia utepe wa gundi.

Msuguano nao usiuchukie wote. Kati ya gurudumu na sakafu tunautaka, kwa hiyo visha ukingo wa sidii za nyuma ukanda uliokatwa kwenye puto. Kwenye ekseli hatuutaki. Ipitishe ndani ya kibomba kigumu kilichonyooka, ihakikishe inazunguka bila kukwama, kisha lisukume gari kwa mkono: likipinda upande mmoja, ekseli zako mbili haziko sambamba.

Kuna kosa moja ambalo huharibu magari mengi mazuri, nalo ni kufunga uzi kwa fundo kwenye ekseli. Uzi ukiisha, fundo hilo huanza kuuzungusha upya kinyumenyume na kugeuka breki. Badala yake, gundisha kipini kidogo kwenye ekseli, utengeneze kitanzi mwishoni mwa uzi, ukitundike kwenye kipini hicho bila kukifunga, kisha uzungushe ekseli kinyume na mwendo wa gari huku uzi ukiwa umekazwa. Mzunguko wa mwisho ukifika, kitanzi kitachomoka chenyewe na gari litakuwa huru.

Vidole viwe mbali na njia ya kijiti wakati wote springi imekunjwa, na katika majaribio badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ukianza na urefu wa kijiti, na kuandika umbali wa kila safari.