Huyo ni bunju, weka kisu chini

Wewe unayeuliza humu jinsi ya kumpara samaki uliyempata, weka hicho kisu chini kwanza. Samaki mwembamba, mgongo una madoadoa meusi, ubavuni mstari wa fedha, tumbo jeupe, halafu unashangaa hana magamba ya kupara? Bunju huyo, samaki wa sumu anayeweza kujivimbisha, kitaalamu Lagocephalus sceleratus. Umemdhania samaki wa kawaida kwa sababu hajajivimbisha. Na usiseme kwenye maji ya kwenu hayumo: huyu alipenya Mfereji wa Suez, mwaka 2003 akaonekana Bahari ya Mediterania, upande wa Uturuki.

Sasa huyo aliyekujibu hapo juu kwenye uzi huu "toa ini, utumbo na ngozi, mnofu kula" ni ndugu pacha wa yule aliyeniponza mimi. Mvuvi mzoefu, eti. Akaniletea minofu imeshachunwa, haina kichwa wala ngozi, myeupe kabisa. Nikakaanga. Sumu yake, tetrodotoksini, haijali moto, haijali friza, na kwa bunju wa aina hii hata mnofu unayo. Sahani haijaisha midomo ikaanza kunichonyota, ulimi ukafuata, kisha ncha za vidole. Nikalaumu pilipili, na pilipili sikutia! Baadaye miguu ikagoma na pumzi nikawa naivuta kwa shida. Akili timamu kabisa, unawasikia madaktari wanavyokujadili, kujibu huwezi. Dawa ya kuivunja sumu hiyo haipo. Nikawekwa kwenye mashine ya kupumulia hadi mwili ulipoitoa wenyewe. Bwana mzoefu alipopigiwa simu akasema labda nina mzio. Mzio wa kufa, ndiyo.

Kwa hiyo: kichwa kwanza. Mfunue mdomo. Ukikuta meno manne yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, mawili juu na mawili chini, na ufa katikati, mwache. Ukikuta bamba moja la meno juu na moja chini bila ufa, na mwili wote miiba, huyo ni nduguye, mwache vilevile. Samaki nisiyeuona mdomo wake mimi sili. Nikialikwa naomba kuonyeshwa kichwa, na ndiyo, siku hizi sialikwi sana.

Huyo samaki wako mfukie, usimtupie paka. Na kama ulishaonja hata kipande, achana na huu uzi, kimbia hospitali useme "nimekula bunju" wakati ulimi bado unatii.